Kuku Kwenye Anga la Bati

Kila akitoka shule, Kiherehere alipitia karakana ya baba yake, fundi bati. Alifagia mabaki ya bati na kupiga soga kwa niaba ya watu watatu. Jina hilo alipewa na shangazi yake, na hakuna aliyewahi kulipinga.

Wiki hiyo baba alikuwa akitengeneza tufe la bati aliloagizwa na mwalimu wa sayansi wa shule ya Kiherehere. Alilitoboa matundu madogo kwa kufuata ramani, kila tundu nyota moja. Ukiwasha taa ndani yake gizani, nyota hutapakaa darini.

"Usiguse," alisema baba akitoka kununua lehemu ya kuungia bati. "Kosa dogo hapa ni kosa la mbingu nzima."

Kumwambia Kiherehere asiguse ni sawa na kumkataza mbuzi kutazama majani. Alishika msumari, akagonga mara moja tu, kwa adabu zote. Msumari ukateleza. Tundu likatokea mahali ambapo ramani haikuwa na kitu.

Tundu lile lilimtazama kama jicho. Akaongeza la pili ili la kwanza lisikae pweke, kisha mengine, hadi yakafanana na kuku anayedonoa. "Yakiwa mengi, watadhani ni kundi halali la nyota," alijiambia. Baba aliporudi hakuyabaini kati ya mamia ya matundu, na msema chochote akawa bubu.

Siku ya kulizindua tufe, mapazia ya darasa yalishushwa. Baba alialikwa, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Taa ilipowashwa, wote walipiga kelele za furaha, isipokuwa mmoja aliyelowa jasho. Darini, kuku wake alikuwa mkubwa kuliko ng'ombe!

"Jamani, lile lina mdomo!" alisema jirani yake wa dawati. "Mwalimu, lile nalo ni kundi gani? La kitoweo?"

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alikagua ramani, akatazama dari, akakagua tena.

"Fundi, nyota hizi hazimo."

Baba alikuna kichwa. "Niwie radhi, mwalimu. Huenda mkono ulichoka. Na kama nimekosea hapo, sijui nimekosea wapi kwingine. Nitalivunja nianze upya."

Kiherehere aliona uso wa baba ukiinama. Alitaka ardhi immeze, lakini ardhi haikuwa na njaa.

"Si… si baba," alisema kwa sauti ya mbu. "Ni mimi. Nilikosea tundu moja, nikalificha kwa mengine. Kwingine kote ni kazi yake."

Baba alilisogelea tufe, akayapapasa matundu ya kuku.

"Kumbe ni hapo tu?" alisema. "Basi hatuvunji. Nitaziba kwa lehemu, nawe utanishikia taa."

Pumzi ilimrudi Kiherehere. "Mwalimu, kwani makundi mengine hayakubuniwa na watu?"

"Yalibuniwa," alijibu mwalimu. "Wagiriki wa kale waliorodhesha arobaini na nane, mengine wakiyarithi kwa watu wa Babeli. Mabaharia waliposafiri kusini, wakaona nyota ambazo Wagiriki hawakuwahi kuziona, na makundi yakaongezeka. Baadaye kila mchora ramani akachomeka la kwake. Mmoja aliyependa paka alimweka paka!"

"Yuko wapi sasa?"

"Hayupo. Karne iliyopita wataalamu wa nchi nyingi walikaa pamoja, wakakubaliana makundi themanini na nane. Paka akaachwa nje."

"Afadhali yake, hakuchekwa na darasa zima," alinong'ona Kiherehere.

"Sikiliza, mwanangu," alisema mwalimu. "Mwenye paka alisema waziwazi, 'Huyu ni wangu.' Ndiyo maana wenzake waliweza kumtoa bila kumwita mwongo. Wewe ulimficha kuku wako kati ya nyota za kweli, na karibu baba yako alipe kwa kupoteza jina lake zuri. Kukosea si aibu. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado tundu moja."