Pikipiki ya Mzee Amadi

Mzee Amadi alikutwa amelala kifudifudi kando ya pikipiki yake, damu imeganda nyuma ya sikio. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, majira ya vumbi ya mwaka 1957, katika mtaa wa mafundi cherehani wa Commune Albert, Élisabethville.

Inspekta Léonard Kasonde alichuchumaa mlangoni mwa banda, akaangalia kwanza. Komisari, Mbelgiji, alikuwa ameshaamua bila kuinuka kitini: mzee ameanguka, azikwe. Kasonde alitumwa kuandika hivyo hivyo.

Pikipiki ilikuwa kuukuu, magurudumu hayana upepo, buibui wamejenga kwenye usukani. Vumbi la miaka liliifunika yote, isipokuwa mahali pamoja. Bati la kukinga tope la mbele lilikuwa limebonyea, na pale palipobonyea palikuwa pamepanguswa. Alama za vidole zilibaki, nyeusi kwa mafuta ya mashine.

Ukutani spana zilitundikwa kila moja kwenye msumari wake. Kubwa kuliko zote ilikuwa na damu, na unywele mweupe umenata.

Marehemu hatundiki spana. Na mgeni hajui msumari upi ni wa spana ipi.

Rabia, jirani aliyeukuta mwili, alisimama uani ameshika kichwa.

"Mama, nani alikuja hapa jana?"

"Ule muntu wa pikipiki. Alexis, anatumika ku gare ya treni. Kila siku ya Mungu, kila Jumapili, anakuya kuiangalia. Anaikala, anakunywa kahawa na muzee, anaenda. Hainunue."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana. Sisi tulikuwa tunacheka. Muntu gani anafikiria pikipiki moja mwaka muzima?"

"Mzee alikuwa na watu?"

"Bibi yake alikufa. Batoto bako Kasongo, habaandike barua. Alikuwa na ule Alexis tu."

Kasonde hakucheka. Tangu mkewe Madeleine afariki, naye alikuwa akipita sokoni kuuliza bei za vitu asivyovitaka, apate tu mtu wa kumjibu.

Alimkuta Alexis nyumbani, katika kambi ya reli. Hakuwa ameenda kazini. Alikuwa bado amevaa shati la Jumapili, mikono imetulia juu ya magoti, kucha nyeusi kwa mafuta. Ukutani ilining'inia picha ya mwanamke, imezungushiwa utepe mweusi.

Kasonde alivuta kiti, akaketi.

"Ile pikipiki, mwaka mzima hukuinunua?"

"Hapana, Shefu."

"Kwa nini?"

"Ni ya zamani. Vipuri vyake havipatikane tena."

"Hilo ulilijua siku ya kwanza."

Alexis alijikwangua mafuta kwenye kucha. "Kama ningenunua," alisema, "ningeenda kufanya nini kule tena siku ya Mungu?"

Kasonde aliiangalia picha. "Mkeo alikufaje?"

"Wivine? Aligongwa. Njia ya Kambove, magaribi. Pikipiki. Ule muntu hakusimama. Bibi yangu alilala mu njia mpaka asubui."

"Na spana uliitundika wewe."

Halikuwa swali. Alexis aliinamisha kichwa.

"Muzee hakupenda ikae chini," alisema.

Kasonde alimwacha aongee.

"Jana nilisikia haya ya kukunywa kahawa yake bule. Nilimuambia: Baba, leo nimeamua, minanunua. Nilizania atafurahi. Akaweka kikombe chini. Kisha akasema: mwanangu, wengine ningebauzia, weye hapana, mpaka ujue kwanza. Hii iliua mwanamuke, njia ya Kambove. Ni mimi nilikuwa juu yake. Nilikimbia. Toka siku ile sikuipanda tena." Aliiangalia picha ukutani. "Nikauliza: alivaa nini? Akasema, kitambala cha manjano ku kichwa. Nilimununulia mimi, Shefu. Kile kitambala."

"Ukafanya nini?"

"Nilipangusa pale palibonyea. Sijui nilikuwa natafuta nini. Hapakukuwa kitu. Muzee akainama kutafuta ufunguo, akasema, kama ungali unaitaka, ikamate bule. Njo pale nikamupiga na spana."

"Ulimwambia Wivine alikuwa nani?"

"Hapana. Muzee alikufa bila kujua." Alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Mwaka muzima nilikunywa kahawa yake. Angenyamaza, Shefu. Angenyamaza tu, ningalikuwa na muntu."

Kasonde alitoa pingu, akazishika mkononi, hakuzifunga mara moja. Alikuwa amekamata wezi na wauaji wengi, na karibu wote walimchukia aliyelala chini. Huyu alikuwa akimlilia.

"Tunaenda," alisema.

Njiani, Alexis aliuliza jambo moja tu. "Nani atamuzika?"

"Watu wa msikiti. Leo alasiri."

"Batoto bake bako mbali. Uende, Shefu. Bantu basikuwe kidogo ku kaburi."

Kituoni Komisari aliyasikiliza maungamo yakitafsiriwa, akapiga muhuri, akasema kwamba hata hivyo wazee wote wale huanguka. Kasonde alichukua kofia yake.

Makaburini walikuja watu wachache mno. Kasonde, Mkatoliki, alisimama kando yao, hajui dua zao, akainamisha kichwa walipoinamisha. Zamu yake ilipofika, alichota udongo akaumwaga polepole kaburini. Waliokuwa nyuma yake walisubiri apishe. Hakupisha. Aliinama tena, akachota wa pili, wa Alexis.