Mtambo Uliokunywa Maji ya Mafundi

Boti ilikuwa imerudi bandarini kufuata pampu iliyosahaulika, na ndipo bahari ilipochafuka. Mawimbi yalipanda hadi yakachungulia madirishani kama majirani wambeya. Kwenye jukwaa la chuma, katikati ya vinu vya upepo, wakabaki wawili: fundi na shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyechanwa paja na bati lililong'olewa na upepo.

"Maji yako wapi nikuoshe?" fundi akauliza.

"Nimemimina madumu yote sita kwenye mtambo. Si ndiyo amri yako, shemeji? Mtambo kwanza, binadamu baadaye."

 Amri ilikuwa ya fundi kweli. Umeme wa ziada kutoka vinuni uliingia kwenye mtambo huo, ukayapasua maji yasiyo na chumvi kutoa gesi ya haidrojeni. Gesi ikawekwa mitungini; upepo ukilala, jenereta iliigeuza kuwa umeme tena. Chujio la kutoa chumvi kwenye maji ya bahari ndilo lililokufa pampu, hivyo mtambo ukanyweshwa maji ya madumu. Na upepo ulivyozidi, ndivyo mtambo ulivyozidi kunywa. Walipomaliza kulifunga jeraha kwa shati, tangi la mtambo lilikuwa kavu.

Mvua ilinyesha, lakini kila sufuria waliyokinga ilitiwa chumvi na mawimbi.

Siku ya pili midomo ilipasuka. Shemeji akashikwa na homa. Fundi akaita ofisini kwa redio.

"Boti haitoki leo," sauti ikasema. "Msizime vinu. Upepo kama huo ni wa kuvunwa."

"Tunavuna kwa maji gani? Nina mgonjwa hapa!"

"Fuateni utaratibu." Redio ikakoroma, ikafa.

Fundi akaipiga teke jenereta, akaumia kidole, akakaa chini akitukana. Hapo macho yakaangukia doa la unyevu chini ya bomba lake. Miaka minne alikuwa akipangusa dimbwi hapo kila jenereta ilipofanya kazi, akilalamika kwamba linavuja.

"Shemeji, gesi ikiungua hapa inarudi kuwa maji."

"Basi iwashe."

"Haiwaki mpaka vinu visimame. Na breki iko ng'ambo ya daraja la kwenda vinuni."

"Watakufukuza kazi."

"Heri wao wanifukuze kuliko dada yako."

Daraja lilikuwa hatua ishirini. Fundi alitambaa kwa tumbo, wimbi likamvua buti moja, la pili likamrudisha hatua tano alizokwisha kuzilipia kwa ngozi ya magoti. Akaishika breki kwa mikono yote miwili, akaning'inia. Vinu vikasimama kimoja kimoja, kwa kununa.

Jenereta ikanguruma. Bombani likaning'inia tone, likaanguka kikombeni.

Shemeji akanywa, kafumba macho.

"Ladha yake?"

"Haina ladha. Kama hotuba za bosi wetu. Ongeza."

Walikunywa, wakaosha jeraha, wakakinga tena, siku mbili zaidi.

Boti ilipofika, nahodha aliwakuta wamekonda kama nyaya. "Ofisi inauliza," akasema, "mitungi mbona mitupu? Gesi yote imeenda wapi?"

"Waambie tumeinywa," shemeji akajibu, akichechemea kuelekea ngazi.

 Fundi alipokea dumu la kwanza lililoshushwa, akaliweka mbali na mtambo, akalikalia.