Aliyebisha Hodi Ndani ya Friji

Hodi ilipigwa wakati wa chai, asubuhi ya jua kali, na ilitoka ndani ya friji ya maabara.

Si mlangoni, si dirishani. Ndani ya friji, mle ambamo idara ya afya ya mji ilihifadhi chupa za damu za wagonjwa. Muuguzi aliyesimamia magonjwa ya mlipuko, ambaye wenzake walimwita Pilipili kwa ukali wa ulimi wake, aliganda na kikombe mkononi. Fundi wa maabara akamtazama. Kabla hawajasemezana, Mkuu wa Idara akapita koridoni na simu sikioni, akaitikia kama mtu yeyote mwenye adabu: "Karibu!"

Mlango wa friji ukafunguka wenyewe, taratibu, kisha ukajifunga.

"Umeme huo," fundi akanong'ona.

"Umeme haubishi hodi," Pilipili akasema.

Damu iliyokuwa mle ni ya wachinjaji wa machinjio ya mji. Walianza na homa, macho yakaiva kama ya mlevi, fizi zikavuja damu, kisha wakafa, mmoja nyuma ya mwingine. Chupa zile zilipaswa kupelekwa maabara kuu haraka ijulikane ni ugonjwa gani. Zilikuwa bado pale kwa sababu Mkuu alikataa. Soko jipya la nyama lilikuwa karibu kufunguliwa na wageni wakubwa walitarajiwa.

"Shemeji, watu wanakufa," Pilipili alikuwa amemwambia, maana Mkuu alikuwa mume wa dada yake.

"Kazini mimi si shemeji yako. Na homa ni homa tu. Unataka mji mzima ukimbie?"

"Basi niruhusu niwaambie wasioshe maiti kwa mikono mitupu. Hilo tu."

"Utatia watu hofu. Funga mdomo, tusubiri kwanza."

Pilipili alitoka amefura kwa hasira. Lakini alitoka.

Tangu ile hodi, ofisi ilianza kunuka ngozi mbichi iliyolowa. Walifungua madirisha, harufu ikazidi. Mama wa chai aliapa kwamba chai anayomwekea Mkuu hupoa palepale mezani, ikatanda utando kama ya jana. Mkuu mwenyewe alikunywa maji jagi baada ya jagi, na akizungumza, maneno yalianza kwa sauti yake yakamalizikia kwa sauti nyingine, nzito, ya mtu anayeongea huku anatafuna, na waliomsikia waliinamisha vichwa wakajifanya wana kazi, kwa sababu nani angemwambia bosi wake kwamba ndani ya koo lake mna mtu?

Kisha dada yake Pilipili akapiga simu. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Mdogo wangu, shemeji yako anaongea na mtu bafuni."

"Nani?"

"Sijui. Mume wangu anasema, 'Sitasema, sitasema.' Na huyo mwingine anacheka. Njoo, tafadhali. Halafu mimi mwenyewe sijisikii vizuri tangu tulipomwosha jirani yetu, yule mke wa mchinjaji."

"Mlimwosha?"

"Sasa tungemwacha hivyohivyo? Mbona unalia?"

Pilipili alimkuta dada yake amekaa sakafuni, macho mekundu. Alivaa glavu na barakoa, akamwinua mwenyewe, akamfikisha wodi ya kutengwa. Pale kitandani, huku anatetemeka, dada alimshika mkono.

"Mlijua kwamba ugonjwa huu unaambukiza?"

Pilipili angeweza kudanganya. "Tulijua," akasema.

Dada akauachia mkono, akageukia ukuta.

Hasira aliyorudi nayo ofisini haikuwa ya ulimi tena. Ilikuwa ya mwili mzima. Alimkuta Mkuu ukumbini mbele ya mtangazaji wa redio ya mji, jasho linamtiririka, akitoa taarifa moja kwa moja hewani.

"Ndugu wananchi," Mkuu akasema, "msisikilize uvumi. Hali ni..."

Taya likajifunga kwa kishindo. Midomo ikabanana. Na kutoka nyuma ya midomo ile iliyofungwa ikatoka sauti nzito iliyowafanya watu wahisi harufu ya machinjio mpaka kwenye ulimi, sauti iliyojaa ukumbi na koridoni na ngazi, ikiuliza polepole, kwa raha, kama mwenye nyumba anayewauliza wageni wasioalikwa: "Nani anataka kusema humu?"

Mtangazaji aliangusha kipaza sauti, akakimbia.

Fundi wa maabara alikwenda mbio kumwita mganga wa majini wa mtaa wa nyuma, mama mmoja mnene, mkali. Alifika akihema, na kabla ya yote akaomba glavu. "Jini nimelizoea," alisema. "Hiyo homa yenu ndiyo ninayoiogopa."

Akamwekea Mkuu kiganja utosini, akasoma kwa sauti ya chini, kisha akauliza, "Nani amekuleta?"

"Sikuletwa. Nilibisha hodi, nikakaribishwa."

"Unakula nini?"

"Kimya. Humu kimejaa tele. Kila anachojua akakimeza, mimi nashiba."

"Toka!"

Jini likacheka, na vioo vya madirisha vikatetemeka. Mganga akaondoa mkono, uso umemshuka. "Siwezi kulitoa," akanong'ona. "Anayelishikilia ni yeye mwenyewe. Asiposema, halitoki."

Pilipili akamkamata Mkuu ukosi wa shati kwa mikono miwili.

"Mkeo yuko wodini anavuja damu!" akapiga kelele. "Ameosha maiti kwa mikono mitupu, na wewe ulinikataza nisiwaonye! Mke wako! Na wale wachinjaji nao walikuwa na wake! Sema, mbwa wewe! Sema!"

Kitu fulani kikasogea machoni mwa Mkuu. Taya likaanza kupigana na taya. Damu ikamtoka mdomoni kwa kung'ata ulimi, na maneno yakaja moja moja, kama mifupa inayovutwa kooni.

"Kuna... ugonjwa. Nilijua. Msiguse... maiti. Mwenye homa... asifichwe. Nilijua. Nilijua!"

Madirisha yote yakafunguka nje kwa mpigo mmoja. Harufu ikatoka kama ng'ombe anayekurupuka. Mkuu akaanguka kifudifudi, analia kwa sauti yake mwenyewe. Kipaza sauti kilikuwa sakafuni, bado kinafanya kazi. Mji mzima ulikuwa umesikia.

Mchana uleule chupa zikaondoka kwenda maabara kuu. Gari la matangazo likazunguka mitaani. Wahudumu wakapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani alimgusa nani, machinjio yakafungwa, waliokufa wakazikwa na watu waliovaa kinga mwili mzima. Ugonjwa ukaanza kurudi nyuma. Lakini ulikuwa umeshapewa muda wa kutosha, na Pilipili kila alipopita makaburini alitema mate chini, akalitaja jina la shemeji yake.

Mkuu alifukuzwa kazi. Alikwenda kupiga magoti nje ya dirisha la wodi, akaomba msamaha kwa mkewe mpaka sauti ikamkauka. Mkewe aliitazama midomo yake ikicheza. Homa ilikuwa imemwachia uhai, ikamchukulia masikio. Akavuta pazia.

Aliporuhusiwa, akahamia kwa mdogo wake. Siku moja Pilipili alikuwa akimsuka nywele kibarazani, akaona dada amegeuza kichwa upande usio na mtu, anaitikia kwa kutikisa kichwa.

Akazunguka mbele yake ili midomo ionekane. "Unamsikiliza nani?"

"Yupo mmoja ninayemsikia," dada akasema. "Huyo tu. Anaongea huku anatafuna."

"Anasema nini?"

"Anauliza mkuu mpya anaanza kazi lini."

Mkuu mpya alikuwa ameteuliwa asubuhi ile. Pilipili hakuwa amemwambia mtu. Akaweka kitana chini, akasema polepole, neno kwa neno.

"Mwambie atanikuta mlangoni."