Jina Lisiloitwa Maporomokoni

Ndoo aliyoiacha tupu, Wankyo aliikuta imejaa maji. Juu yake lilielea jani la mti usioota mtaani kwake, Mukendo. Aliyamwaga, akaendelea na kazi.

Alikuwa ametoka juzi milimani, upande wa Bunda, kwenye korongo ambako binti yake aliteleza maporomokoni wakati wanakwaya wenzake wakipiga picha. Mwili ulishazikwa Buhare. Lakini kwao, aliyefia majini roho yake hufuatwa. Mzazi hurudi palepale, akamwita kwa jina la nyumbani, kisha akamtangulia hadi mlangoni bila kutazama nyuma. Wankyo alirudi. Mzee wa kanisa na wanakwaya waliomsindikiza walisimama wakimtazama, akaona haya. Badala ya Wegesa, akaita jina la ubatizo: Esther.

Kitu kiliitika.

Nyumba ikaanza kunuka miamba mibichi. Kila alfajiri sakafuni palikuwa na nyayo za maji, naye alizideki taratibu, akamimina chai vikombe viwili, maana hakuna mama anayefukuza nyayo za mwanawe.

Mkwewe, bibi Rhobi, alipofika kutoka Butiama alikataa kuvuka kizingiti. Alimvuta hadi barabarani, kwenye kelele za pikipiki, akamuuliza kwa kunong'ona aliita jina gani. Wankyo akamwambia.

"Esther wako wangapi, mwanangu? Hilo yeyote anaitikaga. Mtoto wetu bado yuko kule, anangoja. Rudi umwite. Ila huyo wa ndani asilisikie jina la mtoto. Akilisikia, nafasi ya mtoto ameichukua."

Kesho yake Wankyo alikwenda peke yake, akashuka korongoni kwenye msitu uliofunga giza mchana, ngurumo ya maji ikimtetemesha kifua, mpaka akasimama mbele ya maporomoko, na nyuma ya pazia lile la maji akasikia kikohozi, kile kikavu cha Wegesa alichokiuguza miaka yote, kikimtafuta.

Akafungua mdomo.

Nyuma yake hatua zenye maji zikasimama. Harufu ya nyumba yake ikamfika shingoni.

"Mwite, mama. Na mimi nisikie."

Wankyo akafumba mdomo. Kikohozi kikaendelea, kama cha mtoto anayetaka kuangaliwa. Akageuka, akapanda mlima, kiganja kimeziba midomo, na zile hatua zikamfuata.

Majirani bado wanamwita Mama Esther. Huitika haraka, kabla hajaitika mwingine.