Maharage ya Demetria na Maboga ya Jirani

"Jicho langu lina nini, Mama Wilbert? Lina miiba?"

Zuena alisimama upande wake wa ukuta, mikono kiunoni. Ukuta ulikuwa mfupi, wa kufika kifuani. Upande wa pili alisimama Demetria. Kiganja chake kilijaa maua mekundu yaliyonyauka.

"Tazama mwenyewe!" alisema Demetria. "Wiki iliyopita ulisimama hapo hapo ukasema, 'Hii bustani au msitu?' Tangu siku hiyo maua yanapukutika. Sijapata hata ganda moja la maharage!"

"Nilikusifia."

"Sifa nyingine zina sumu, Mama Najma."

Kwa Zuena kulikuwa na wapangaji. Milango ya vyumba ilianza kufunguka. Watu walitoka na miswaki mdomoni. Pale Kinyerezi ugomvi wa asubuhi hauhitaji kupigiwa mbiu.

Zuena aliwatazama wapangaji wake, kisha akamtazama Demetria.

"Miaka yote tunaombana chumvi," alisema taratibu. "Wilbert wako akiugua nambeba mie. Leo nimekuwa mchawi?"

Hakusubiri jibu. Alijifunga khanga vizuri, akaingia ndani.

Demetria alibaki na maua yake. Alijiambia kwamba amesema kweli.

Mumewe, Revelian, alikuwa bandani akilisha kuku wa nyama. Alikuwa amesikia kila neno.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Bado."

"Basi malizia upesi. Bibi shamba yuko njiani. Nilimpigia jana."

Mbegu za maharage yale zilitoka Karagwe. Mama yake Revelian alizituma kwa basi. Zilikuwa mbegu kubwa zenye madoadoa, za maharage ya kutambaa. Kule kwao hupanda juu ya miti na kuzaa maganda marefu. Demetria alizipanda kando ya ukuta, akazisimikia miti. Zilipanda hadi zikavuka ukuta. Majani yalikuwa mapana na meusi kwa afya. Maua yalitoka kwa wingi. Kisha yote yakadondoka.

Bibi shamba wa kata aliitwa Lusungu. Alifika kwa pikipiki, akavua kofia ngumu, akaenda moja kwa moja kwenye maharage.

"Mmeyalisha nini haya?" aliuliza.

"Mbolea ya kuku," Demetria alijibu kwa fahari. "Kila nikisafisha banda namwaga hapa."

"Kila ukisafisha? Ndiyo maana yamenenepa hivi. Mbolea ya kuku ina nguvu sana. Ikizidi, mmea unaota majani tu na kusahau kuzaa. Maharage hayahitaji mbolea nyingi. Weka kidogo iliyooza vizuri kabla ya kupanda, halafu basi."

"Na maua je? Mbona yanatoka halafu yanaanguka?"

"Mbegu ya wapi?"

"Karagwe."

Lusungu alicheka. "Karagwe watu wanalala na blanketi. Hapa wewe unalala na feni. Haya ni maharage ya baridi, mama. Jua hili la Januari linaangusha maua. Unamwagilia saa ngapi?"

"Mchana. Nikiona yamelegea."

"Mwagilia asubuhi mapema na jioni, kwenye shina. Funika udongo kwa majani makavu, usikauke. Mbegu hizi usipande tena wakati wa joto. Panda mwezi wa tano, ili maua yatoke wakati wa kipupwe. Hutavuna kama Karagwe, lakini utapata mboga. Wakati wa joto panda kunde. Kunde hazigombani na jua."

Demetria aliitikia kwa kichwa. Kumbe ni joto na mbolea. Jicho halimo.

Lusungu aligeuza ua moja, akalichungulia. "Nyuki je? Haya ya maua mekundu yanawahitaji sana. Sijaona hata mmoja tangu nije."

"Hao nimewakomesha," alisema Demetria. "Walikuwa wanayanyonya maua. Nikadhani ndio wanaoyaangusha. Kila asubuhi napuliza dawa."

Lusungu hakucheka tena. "Mama, nyuki hali ua. Anabeba ule unga wa njano, unaoitwa chavua, kutoka ua moja hadi jingine. Bila hivyo, mimea mingi haizai. Usipulize dawa maua yakiwa wazi. Na kama hakuna mdudu mharibifu, usipulize kabisa."

Kisha akachungulia ng'ambo ya ukuta.

"Ile bustani ya maboga ya nani?"

"Ya jirani."

"Njoo utazame."

Demetria alisogea. Mimea ya maboga ya Zuena ilitambaa hadi chini ya ukuta. Ilikuwa na maboga machanga, madogo kama ndimu. Mengi yalikuwa ya njano, yameoza kwa mbele.

"Boga lisipopata chavua hufa hivyo hivyo," alisema Lusungu. "Nyuki unaowaua wewe ndio wanaomhudumia na yeye."

Demetria alihisi uso unamwaka. Maboga yale yalikuwa ya futari ya Ramadhani inayokuja. Kila mwaka Zuena hupika futari ya maboga kwa nazi, na bakuli la kwanza huvuka ukuta. Mwaka huu alikuwa ameona maboga yake yakioza, siku baada ya siku. Wala hakumwita mtu mchawi.

"Anajua kwamba unapuliza dawa?" Revelian, aliyekuwa amewafuata, aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hajui."

Angeweza kunyamaza. Nani angemwambia Zuena? Demetria aliwaza hivyo, na aibu ikazidi.

"Hakuna dawa ya kuyaokoa?" alimuuliza Lusungu.

"Kuna mkono wako. Ua dume lina kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Chuma dume, toa petali, paka unga wake ndani ya jike. Lakini ni sasa hivi, kabla maua hayajafunga. Yakishika leo, labda kumi la mwisho la mfungo atakula."

Demetria hakungoja. Alitoka getini, akazunguka, akapita mbele ya wapangaji wote.

"Hodi."

"Umekuja kulikagua jicho?" Zuena alijibu akiwa mlangoni.

"Nimekuja kukuomba radhi. Maharage yangu yameharibiwa na joto na mbolea niliyozidisha. Na maboga yako nimeyaharibu mimi. Nilipuliza dawa nikaua nyuki."

Zuena alitazama milango ya wapangaji.

"Sema tena," alisema Zuena. "Yule wa chumba cha mwisho hajasikia."

Demetria aliwageukia wapangaji. Akasema tena, kwa sauti kubwa, neno kwa neno. Machozi yalimlenga, lakini hakuinamisha kichwa.

Zuena hakusema amesamehe. Alinyoosha tu kidole kuelekea bustanini.

Demetria alipiga magoti kwenye udongo. Alichuma ua dume, akalipaka ndani ya ua jike, polepole kama alivyoelekezwa. Akahamia la pili, kisha la tatu. Zuena alikuja akasimama nyuma yake, mikono kifuani, akitazama kila ua.

"Hilo umeliruka," alisema mwishowe. "Pale, chini ya jani."

Demetria alifunua jani, akaliona.