Mgeni wa Birika la Kibokoni

Maji ya birika lile yalinuka yai viza, na juu yake palitanda utando kama wa uji uliolala. Bi Swabaha alishika pua. Lakini mshona kofia ambaye vidole vimejikunja hata sindano haishiki, huyo hachagui maji. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita, na mjane huyu alimlea mjukuu wake, Mwanabaraka, kwa sindano hiyo hiyo.

"Bi Swabaha," Kanze, mtunza hamamu, alimnong'oneza mlangoni, "chemchemi hii yaponya watu. Ila ukisikia hodi humo ndani, nyamaza. Usiitike hata kwa kukohoa."

Aliahidi, akafungiwa peke yake. Joto lilimpanda magotini, likafika kifuani, na vidole vikaanza kulegea kimoja kimoja. Raha ikamlemea macho. Ndipo ikapigwa hodi, taratibu, kwa sauti ya mtu mzima mwenye adabu zake. Na malezi ni malezi. Bi Swabaha, aliyefundwa tangu utotoni kwamba hodi haiachwi bila jibu, alisema, "Karibu."

Sauti ile ilikuwa imetoka chini ya maji.

Kitu laini chenye ute kikampita mapajani, kikamzunguka kiuno polepole kama mnunuzi akaguaye kitambaa, kikapanda mikononi na kujipenyeza chini ya kucha zake zote kumi, na kinywa cha Bi Swabaha kikajaa shombo hata akatapika humo humo, na matapishi yake yakavutwa chini yakamezwa.

Alitoka vidole vimenyooka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu, naye alipona kweli. Kwa siku tatu alishona kofia ambazo hajapata kushona maishani. Lakini nyuzi zililowa ute, unga alioukanda ulinuka yai viza, na kila alfajiri alikuta juu ya mto wake wa kulalia magamba ya ngozi isiyo yake. Aliuchukia mwili wake mwenyewe.

Kisha Mwanabaraka akasukuma sahani. "Nyanya, sili. Jana uliponilisha, vidole vyako vilinilamba."

Mwalimu Zein, mganga wa kitabu, aliitwa. Aliandika kombe, aya za Kurani kwa zafarani ndani ya sahani, akaliosha kwa maji, akamnywesha Bi Swabaha, kisha akashusha sauti. "Kombe peke yake halitoshi. Wewe ndiwe ulomkaribisha, na wewe ndiwe wa kumuaga. Lakini akenda, atakwenda na alichokupa. Vidole vitajikunja tena."

"Navijikunje," alisema Bi Swabaha. "Nitaombaomba, bora mtoto ale." Akaikabili mikono yake. "Mgeni wangu, nimekuaga. Nenda zako."

Harufu ikakatika. Chumbani pakabaki moshi wa udi tu. Mwalimu Zein alihimidi, akavaa makubadhi yake, akaenda. Mwanabaraka akaja kumkalia bibi yake mapajani, akamega mkate wa mofa, akala kwa pupa. Bi Swabaha alilia kwa shukrani, akangoja maumivu.

Alingoja mpaka adhana ya alasiri. Vidole vilikuwa vimenyooka vile vile, laini, vikimpapasa mtoto shavuni, na yeye hakuwa ameviamuru.