Namba ya Kompyuta Iliyoibwa

Majirani walimwita Mama Nakshi kwa sababu ya kazi yake. Alichora nembo za shule kwenye kompyuta, kisha cherehani ya umeme ikazidarizi kwenye sare. Michoro ya miaka saba ilikuwa ndani ya kompyuta yake ndogo ya kukunja.

Asubuhi moja alitoka uani kuanika nguo. Aliporudi, dirisha lilikuwa wazi na meza tupu. Waya wa kuchajia tu ndio uliobaki.

Mumewe, mwokaji mikate, alikuja mbio na unga mikononi. "Wapigie walioitengeneza," alisema. "Wao wataona ilipo."

Akapiga. Muziki ukalia weee, hadi mwanamke mmoja akapokea.

"Nitajie namba ya kompyuta, mama."

"Iko wapi hiyo namba?"

"Igeuze. Imebandikwa chini."

"Dada yangu, nigeuze nini? Si nimekwambia imeibwa?"

"Pole sana. Lakini bila namba siwezi kuendelea."

Akampeleka kwa mwingine, naye akampeleka kwa wa tatu. Kila mmoja alitaka aeleze upya. Wa tatu akasema atume barua pepe. Alituma, akajibiwa papo hapo: tumepokea ujumbe wako. Kisha kimya, siku nne. Shule moja ilikuwa inasubiri sare mia mbili. Mama Nakshi alikosa hata hamu ya kula.

Jirani yao alikuwa mtunza kompyuta wa hospitali. Alipita kumpa pole.

"Umeripoti polisi, shemeji?"

"Bado. Nilikuwa nahangaika na hawa wa simu."

"Watengenezaji wengi hawafuatilii kompyuta iliyoibwa. Hata wakijua jambo, huwaambia polisi, si mtu aliyepiga simu tu. Boksi lake unalo?"

"Lipo, natilia vifungo."

Wakamwaga vifungo kitandani. Ubavuni mwa boksi kulikuwa na mstari wa herufi na tarakimu.

"Namba yenyewe hii," alisema jirani. "Sasa hivi, kwa simu yako, badilisha nywila za barua pepe na benki. Kisha twende polisi. Mafundi wa kompyuta nao tuwape namba, huenda ikapelekwa kwao."

"Na mwizi akibandua karatasi ya chini?"

"Namba imo pia ndani ya mashine. Fundi akiiwasha, anaiona."

Polisi waliandika namba na kumpa karatasi ya ripoti. Mumewe akazunguka kwa mafundi wote wa mjini.

Siku ya tisa, mtu alimletea fundi mmoja kompyuta. Alidai amesahau nywila. Fundi akaiwasha, akasoma namba, akasema kwa upole, "Rudi saa kumi." Saa kumi, polisi walikuwa wamekaa ndani wanamngoja.

Kompyuta ilirudi na mkwaruzo kwenye kifuniko. Michoro yote ilikuwemo. Sare zilichelewa wiki moja, lakini zilitoka.

Jirani akamwonyesha jinsi ya kuwasha huduma ya kutafuta kompyuta iliyopotea. "Hii huwashwa kabla ya kuibiwa," alisema. "Baadaye haisaidii." Michoro wakainakili, nakala ikahifadhiwa kwa dada yake Mama Nakshi.

Mwezi uliofuata mumewe aliingia na simu mpya, meno yote nje. Alitaka kumpiga mkewe picha.

"Subiri kwanza, baba," alisema Mama Nakshi, kalamu tayari mkononi. "Nisomee namba. Polepole."